MAGAZIJUTO na Deni la Baba



Kwa wasioufahamu mtaa huu, Al Twar uko upande ule wa Dubai unaopakana na uwanja wa ndege. Jirani zetu ni Al Qusais, na ukisogea mbele kidogo unaingia Sharjah. Mgeni akilala kwetu usiku wa kwanza huamshwa na ngurumo za ndege. Sisi wenyeji hatuzisikii tena. Nimeishi hapa tangu mwaka 2004, nikifanya kazi ya uhandisi wa maji, mabomba na mifereji, kazi niliyoisomea Pune, India, miaka ya tisini.

Mara nyingi sisi tulio mbali tukishika kalamu tunaandika juu ya viza, nauli na hamu ya nyumbani. Leo naomba ruhusa niandike juu ya hesabu. Si hesabu za chuo kikuu, bali zile nne za shule ya msingi: kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Ninayo sababu, nayo itajitokeza huko mbele.

Neno lenyewe tunalo wengi. Chini ya jengo letu kuna bakala, yaani duka dogo la mtaani, na mwenye duka ni mtu wa Kerala. Kinyozi wangu ametoka Peshawar. Jirani wa mlango wa pili ni Msudani. Ukitaka kujua unadaiwa kiasi gani, mwambie yeyote kati yao "hisab" tu, utaeleweka. Neno lilitoka kwa Waarabu, likapanda majahazi na misafara kila upande, na kwetu pwani likawa hesabu. Tunalitumia kwa namba, na tunalitumia pia kwa siku ile ambayo kila mtu atasomewa aliyoyatenda.

Mambo yalianza mwaka 2023 na kazi ya shule ya binti yangu, wakati huo ana miaka 11. Alikuwa mezani na daftari lake, nami nakunywa chai. Swali la kwanza lilikuwa hili: 10 − 3 + 2. Akaniuliza aanzie wapi.

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwa neno ambalo wengi tuliosoma shule ya msingi Tanzania tunalijua: MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mwalimu wetu wa darasa la tano kule Tanga alituimbisha neno hilo mpaka likatuingia kama jina la mchezaji mpira. Nikamwambia binti, tazama, Ju iko mbele ya To. Kwa hiyo jumlisha kwanza.

Akajumlisha 3 na 2, akapata 5. Kumi toa tano, tano. Kesho yake daftari likarudi na alama nyekundu. Jawabu ni 9.

"Baba, neno lako limenikosesha."

Nilikasirika kidogo, siwafichi. Nikachukua kikokotoo: 9. Nikachukua simu: 9. Ndipo nikajiuliza, mimi mwenyewe nikiwa kazini hufanyaje? Kazini sijawahi kukosea hesabu ya namna ile. Mkono wangu ulijua siku zote. Mdomo ndio uliofundisha vibaya.

Katika jengo letu kuna watoto wa kila mtaala. Wanaosoma mtaala wa Kihindi na wa Kiingereza wana neno lao, BODMAS. Kijana wa ghorofa ya nne, anayesoma mtaala wa Kimarekani, analo lake, PEMDAS. Katika BODMAS, kama katika MAGAZIJUTO yetu, kugawanya kumetajwa kabla ya kuzidisha. Katika PEMDAS kuzidisha ndiko kumetajwa kabla. Sasa wape 24 ÷ 4 × 2. Anayegawanya kwanza anapata 12. Anayezidisha kwanza anapata 3. Haiwezekani hesabu moja iwe na majawabu mawili kwa sababu tu watoto wamepanda mabasi tofauti ya shule.

Ukweli ni kwamba kuzidisha na kugawanya vina cheo kimoja, na kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja. Vyenye cheo kimoja hupanga foleni, vikafanywa kutoka kushoto kwenda kulia. Jawabu la 24 ÷ 4 × 2 ni 12. Neno la kukumbushia haliwezi kutamka herufi mbili kwa mpigo. Ilibidi moja itangulie, nasi watoto tukadhani imetangulia kwa ukubwa.

Hata hivyo sitaki kumlaumu mwalimu wetu, kwa maana nilipotafakari niliona neno lake lina busara iliyonipita. Alama ya kutoa ni mali ya namba inayoifuata. Katika 10 − 3 + 2, ile 3 ndiyo deni. 10 na 2 ni vyako. Ukijumlisha kwanza kila kilicho chako, unapata 12, kisha ukatoa deni, unapata 9. Jumlisha, halafu toa. Neno liko sawa! Kosa letu, mimi na binti, lilikuwa kuichukua ile 2, iliyo pato, tukaitupa upande wa deni. Tulijumlisha ndiyo, lakini tulijumlisha tusivyopaswa.

Basi kuanzia jioni ile tukafanya mazoea. Kila baada ya chakula tulichukua tendo moja tukalichunguza, kama mtu anayefungua pampu kuona ndani mna nini.

Kwa nini kuzidisha kunatangulia kujumlisha? Nilimtuma bakala alete trei 3 za mayai, kila moja mayai 30, na mayai 2 ya kuokoteza. Ukiandika 2 + 3 × 30, umeandika mayai 92. Ukianza na 2 + 3 utasema una trei 5, nawe huna. Kuzidisha ni kujumlisha kulikofungashwa: 30 na 30 na 30. Huwezi kuchanganya mzigo uliofungwa na mayai ya mkononi mpaka kwanza uufungue mzigo.

Trei ile ile ikatufundisha jambo la pili. Ina safu 5 za mayai 6. Izungushe, inakuwa safu 6 za mayai 5. Hakuna yai lililoongezeka wala lililovunjika. Kuzidisha hakujali nani ametangulia, na kujumlisha ni vivyo hivyo. Ndiyo sababu dukani hapa, punguzo la asilimia 10 na ile kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 iliyoanza Januari 2018, ukitanguliza hiki au kile, mwisho unalipa kiasi kile kile. Yote mawili ni kuzidisha. Lakini ukiwa na kuponi ya dirhamu 20, mambo yanabadilika. Bidhaa ya dirhamu 200, ukitoa 20 kwanza kisha ukaweka kodi, unalipa 189. Ukiweka kodi kwanza kisha ukatoa 20, unalipa 190. Dirhamu moja imepotea kwenye foleni.

Kutoa na kugawanya ndiyo matendo yenye wivu. Maandazi 12 kwa watoto 4, kila mtoto anapata 3 na nyumba ina amani. Maandazi 4 kwa watoto 12, andaa fimbo. Tena hata mabano yakihama kuna balaa: (20 − 5) − 3 ni 12, lakini 20 − (5 − 3) ni 18.

Jambo la tatu sisi tunaotuma hela nyumbani tunalijua bila kulisomea. Tuseme, kwa wepesi wa hesabu, dirhamu 1 ni shilingi 700. Nimepeleka dirhamu 500 dirishani, wakakata ada ya 20 kwanza. Zinabadilishwa 480, sawa na shilingi 336,000. Mama wa nyumbani Tanga, anayejua 500 ni shilingi 350,000, ataona pengo la 14,000. Zimekwenda wapi? Ni ile ada ya 20, nayo imezidishwa mara 700 pamoja na wenzake. Kilicho ndani ya mabano, kizuri na kibaya, vyote vinakutana na kile cha nje. (500 − 20) × 700 ni sawa na 500 × 700 toa 20 × 700. Kanuni nzima ni hiyo.

Kugawanya nako kuna tabia hiyo, almuradi unayegawia awe nje ya mabano. Na hapo, ndugu msomaji, ndipo kalamu yangu ilipokwama.

Binti alitaka mfano wa kugawanya. Bila kufikiri nikamwambia: mtu amefariki, ameacha milioni 60 na deni la milioni 6. Watoto ni wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili. Kwa mirathi yetu mtoto wa kiume ana mafungu mawili na wa kike fungu moja, kwa hiyo mafungu ni 6. Tukaandika (60 − 6) ÷ 6, fungu moja likawa 9. Tukaandika 60 ÷ 6 toa 6 ÷ 6, yaani 10 toa 1, likawa 9 tena. Wa kiume 18, wa kike 9. Mtoto akafurahi.

Kisha akauliza, "Na kama deni wakichanga sawasawa, wote wanne?"

Nikasema jaribu. Milioni 6 kwa watu 4 ni milioni 1.5 kila mtu. Akaandika: 20 toa 1.5, 18.5. Tena 18.5. Halafu 10 toa 1.5, 8.5. Tena 8.5. Akajumlisha chini. "Jumla ni ile ile, baba. 54."

Nikatazama zile namba nne. Sikuwa nimetunga mfano. Ilikuwa nyumba yetu.

Baba yetu alifariki mwaka 2009. Mama alikuwa ametangulia. Tulibaki wanne: dada yetu mkubwa, mimi, mdogo wangu wa kiume aliyeko Maskati, na mdogo wetu wa mwisho, wa kike. Nyumba ya Ngamiani tuliiuza mwaka uliofuata kwa shilingi milioni 60. Sheikh wa mtaa akatutajia mafungu, pesa zikagawanywa: 20, 20, 10, 10. Wiki mbili baadaye akaja mzee mmoja, rafiki wa baba tangu ujana, na karatasi yenye sahihi ya baba. Alikuwa amemkopesha milioni 6 za matibabu. Hakuna aliyebisha. Wakanipigia simu mimi huku Dubai, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Nikafungua Excel, nikasema bila kusita: tuchange sawasawa, milioni moja na nusu kila mmoja. Neno sawasawa likamridhisha kila mtu. Nilijiona mtu wa haki. Nikakagua jumla, kama tufanyavyo wahandisi: 54. Imekubali. Nikafunga kompyuta.

Jumla haikukosea, na ndiyo iliyonificha kosa kwa miaka 13. Deni halikuwa letu sisi wanne. Lilikuwa la baba, na mahali pake ni ndani ya mabano, kabla ya mtu yeyote kuitwa mrithi. Kwa kuwa lilichelewa kujitokeza, lilipaswa kufuata mafungu yale yale 6: sisi wanaume milioni 2 kila mmoja, wao milioni 1. Mimi nilibaki na nusu milioni isiyo yangu. Mdogo wangu wa Maskati vivyo hivyo. Dada zetu walipungukiwa nusu milioni kila mmoja, tena wao waliopata fungu dogo, na mmoja wao ndiye aliyemuuguza baba.

Haya hayakuwa mambo ya kugundua. Sura ya Nisaa, katika aya ya 11 na ya 12, imeweka mafungu baada ya wasia na deni, na kila anayegawa mirathi anaujua mpangilio: maziko, madeni, wasia usiozidi theluthi, kisha warithi. Al-Khwarizmi, yule ambaye jina lake limezaa neno algoritimu, alipoandika kitabu chake cha al-jabr mjini Baghdad karibu na mwaka 820, sehemu kubwa aliitumia kwa hesabu za mirathi na wasia. Pune nilisoma al-jabr miaka minne, nikaitumia kwenye mabomba. Nyumbani kwetu sikuitumia.

Binti alikwenda kulala. Nilisubiri mpaka saa nne usiku kwetu, saa tatu Tanga, nikampigia dada.

"Dada, unakumbuka tulivyochanga lile deni la baba?"

Akanyamaza kidogo. "Nakumbuka."

"Tulikosea. Ninyi mlitoa zaidi."

"Nusu milioni kila mmoja," akasema. "Nilihesabu usiku ule ule."

Dada yangu aliishia darasa la saba. Ameuza nazi na dagaa soko la Mgandini miaka mingi, na hesabu zake ziko kichwani na kwenye vidole. Hakuhitaji Excel.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, mdogo wangu? Injinia ni wewe. Na hela za kila mwezi zilikuwa zinatoka kwako."

Nimefanya kazi na watu wakali, nimewahi kugombezwa na wakubwa wa kazi mbele ya watu. Hakuna aliyewahi kuninyamazisha namna ile. Nilikuwa nimezoea kujihesabu upande wa wanaotoa. Sikujua kwamba kutoa kwangu kwa kila mwezi kulikuwa kumemfunga mtu mdomo asidai kilicho chake.

Akaendelea, bila hasira: "Ulikuwa mtaji wangu wa friji. Nilitaka kuuza barafu na juisi pale nje. Basi nikaacha."

Kesho yake nilikwenda kutuma. Nusu milioni yangu niliigawa mara mbili, 250,000 kwa kila dada, na ada nikailipa pembeni, nje ya mabano, ili zifike kamili. Mdogo wangu wa Maskati nilimwandikia hesabu yote, mstari kwa mstari. Alijibu baada ya siku tatu: hesabu za marehemu unazifukua za nini? Nikamwambia kwamba marehemu hana kosa katika hesabu hii. Wakosaji tuko hai. Hajanijibu tena, na salamu zake siku hizi ni fupi. Hilo nalo limeingia kwenye gharama.

Dada alipopokea alinipigia akicheka. "Zimefika kamili, Mungu akubariki. Ila zikija na nusu ya yule wa Maskati, bado hazinunui friji ya leo. Friji ile ilikuwa ya mwaka 2010."

Amesema kweli. Nilirudisha namba, sikurudisha thamani. Kuna jambo moja binti yangu alilifurahia katika masomo yetu ya jioni: ukiongeza 3 kisha ukatoa 3, umerudi ulipoanza. Lakini ukipandisha bei ya 100 kwa asilimia 10 unapata 110, na ukiishusha kwa asilimia 10 unapata 99. Si kila njia ya kwenda ina njia ya kurudia iliyo sawa nayo. Miaka 13 haitolewi kwa kuandika alama ya kutoa.

Ndugu zangu mlioko Maskati, London, Toronto na kwingineko, najua wengi wenu ndio mnaopigiwa simu familia inapotaka kugawa kitu. Mnapigiwa kwa sababu mmesoma na kwa sababu mnatuma. Nawaomba jambo dogo. Kabla ya kusema sawasawa, andikeni mabano kwanza, na deni liwe ndani. Jumla ikikubali msifunge kompyuta. Tazameni mstari wa kila mtu. Kisha mpigieni simu yule ambaye hajasema kitu.

Binti yangu sasa yuko kwenye aljebra na hanihitaji sana. MAGAZIJUTO bado analitumia, ila amelirekebisha kwa kuandika mshale mdogo chini yake, kutoka kushoto kwenda kulia.

Na dada nimemwomba apite madukani aulize bei ya friji. Nasubiri anitumie.